MPELEKA BARUA HANA HAKI YA KUIFUNGUA

Somo letu la leo lahusu jambo ambalo wengi wetu hawalihisabu kuwa ni la dini, na wako wanaocheka litajwapo msikitini. Swali lenyewe ni hili: kampuni imleteayo mtu intaneti nyumbani kwake au katika simu yake, nayo ikalipwa ujira wake kamili kwa kazi hiyo, je, ina haki ya kutazama kila akisomacho mtu huyo, kisha ikajipatia fedha kwa wenye matangazo ya biashara kwa kuwaonyesha haja zake na matamanio yake?

Wako watakaotwambia: "Nyinyi watu wa darsa, yaacheni mambo hayo, tusomesheni udhu na sala." Twawajibu kwamba udhu na sala twavisomesha, na tutazidi kuvisomesha inshallah. Lakini Sharia yetu haikukomea mlangoni pa msikiti. Iliingia sokoni ikasema juu ya mizani, ikaingia majumbani ikasema juu ya mlango na pazia. Basi yawezekanaje inyamaze juu ya njia inayoingia mpaka chumbani mwa mtu, ikamfuata mkononi mwake usiku na mchana?

Wanachuoni wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hiyo na tuanze kwa kuifahamu kazi yenyewe. Mtu afunguapo ukurasa katika intaneti, ombi lake hutoka katika simu yake au kompyuta yake, likapita kwanza katika mitambo ya kampuni inayomhudumia, ndipo lifike kule liendako; na jibu hurudi kwa njia ile ile. Kampuni hiyo ni mfano wa mpeleka barua wa mtaa mzima: hapana barua itokayo wala iingiayo isiyopita mkononi mwake. Duka la intaneti hujua yale mtu aliyoyafanya ndani ya duka hilo, na gazeti hujua yaliyosomwa katika gazeti hilo, na hata wale wakubwa wenye kutawanya vifaa vyao katika kurasa nyingi hawavioni vile ambavyo vifaa vyao havikuwekwa. Ama mwenye njia, huyo huziona safari zote. Tena mtu akilichukia duka aweza kuhamia duka jengine siku hiyo hiyo. Kumhama mwenye njia si kwepesi, na katika miji mingi wenye njia ni wawili watatu tu.

Sasa, mpeleka barua sharti asome anwani iliyo juu ya bahasha. Asipoisoma hataweza kuifikisha. Hilo hapana mwenye akili alikatazaye. Lakini iko mitambo ambayo haisimami kwenye anwani. Huifungua bahasha, ikayasoma yaliyomo, ikayachagua maneno yenye faida kwa mfanya biashara, kisha ikaifunga na kuipeleka kama kwamba haikutokea kitu. Mwenye barua hajui, na aliyeandikiwa hajui. Katika kitendo hiki mna mambo mawili ambayo Sharia imeyasema waziwazi: la kwanza ni amana, na la pili ni upelelezi.

Amana haihitaji maelezo marefu. Watu wa pwani wajua tangu zamani maana ya kumpa nahodha au msafiri barua yenye lakiri aipeleke Lamu au Unguja. Aliyeipokea na kuifungua njiani aliitwa khaini, wala hakuna aliyemwuliza kama aliyoyasoma aliyatangaza au hakuyatangaza. Kosa lilikuwa limekwisha timia pale ilipovunjika lakiri.

Ama upelelezi, Mwenyezi Mungu ameukataza katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, na makatazo hayo ameyaweka baina ya dhana mbaya na kusengenyana, ili tujue kuwa mambo hayo matatu ni ndugu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad, mtu mmoja alichungulia katika tundu nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa na kitana mkononi. Akamwambia kwamba lau angalijua kuwa anachungulia angalimchoma jichoni, na akabainisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Na katika Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas, limo kamio kali juu ya mwenye kusikiliza maneno ya watu ambao hawapendi asikilize: kwamba siku ya Kiyama atamiminiwa risasi ya moto masikioni. Iko na hadithi nyingine kwa Abu Daud juu ya anayetazama barua ya nduguye bila ya idhini yake, nayo ingalitufaa sana katika somo hili. Lakini isnadi yake ni dhaifu, na Abu Daud mwenyewe amesema hivyo, basi hatuijengei hoja. Zile zilizo sahihi zatutosha.

Kisha kimo kisa cha Sayyidna Umar, ambacho Imam Ghazali amekitaja katika Ihyaa. Umar alipanda ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi, akamkemea. Mtu yule akamjibu kwamba yeye ameasi katika jambo moja, na Umar ameasi katika matatu: amepeleleza, na Mwenyezi Mungu amekataza upelelezi, ameingia kwa ukutani, na Mwenyezi Mungu ameamrisha nyumba ziingiwe kwa milango yake, na ameingia bila ya idhini wala salamu. Umar akamwacha. Fikirini, ndugu zetu: huyu alikuwa ni Amiri wa Waumini, na alilolikusudia ni kuondoa munkari, wala hakuwa akitafuta senti moja. Ikiwa yeye hakuwa na haki ya kuupanda ukuta kwa ajili ya dini, ataipata wapi haki hiyo mfanya biashara anayeupanda kwa ajili ya kuuza viatu?

Hayo si mambo ya kudhania tu. Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea Uingereza. Ilikuwako kampuni iliyoitwa Phorm. Kabla ya mwaka 2007 iliitwa 121Media, na katika jina hilo la kwanza ilijulikana kwa programu zilizokuwa zikikaa ndani ya kompyuta za watu na kuwaletea matangazo, programu ambazo baadhi ya watengenezaji wa kinga za kompyuta walizitia katika fungu la zile za kijasusi. Kampuni hiyo ikabuni mtambo wa kuwekwa katika nyumba ya mwenye njia, yaani kwenye kampuni ya intaneti yenyewe. Mwaka 2006 kampuni kubwa ya simu ya nchi hiyo, BT, iliujaribu mtambo huo juu ya wateja wake wapatao 18,000, na mwaka 2007 ikaujaribu tena juu ya wateja wengine. Wateja hao hawakuulizwa wala hawakuambiwa. Baadhi yao waliona dalili ngeni katika kompyuta zao wakadhani wameingiliwa na wezi. Mwezi wa Februari 2008 ndipo ilipotangazwa wazi kwamba BT, Virgin Media na TalkTalk wamekubaliana na Phorm kuutumia mtambo, na mwaka huo huo ndipo watu walipojua kuwa majaribio ya siri yalikuwa yamekwisha pita.

Bwana Richard Clayton, mtaalamu wa chuo kikuu cha Cambridge, aliuchungua mtambo huo akaandika maelezo yake Aprili 2008. Ulifanya kazi hivi. Kila mteja alipewa nambari isiyokuwa na jina lake. Kila alipofungua ukurasa, mtambo uliyasoma maneno yaliyomo, ukatazama yaliyokaririwa sana, ukayalinganisha na mafungu ya biashara: safari, magari, nyumba, na mengineyo. Kisha maneno yenyewe yakatupwa, likabaki fungu tu limeambatanishwa na ile nambari. Na tangu hapo mteja akienda katika ukurasa wenye nafasi ya tangazo la Phorm, huonyeshwa tangazo la fungu lake. Ili kumtambua kila aendapo, mtambo ulimwekea ndani ya kompyuta yake kile kialama kidogo wakiitacho kuki. Na hapa pana jambo ambalo sisi twaliona baya kuliko yote: kialama hicho kiligushiwa kionekane kama kwamba kimewekwa na ile tovuti aliyoizuru mteja, ilhali tovuti hiyo haikuwa na khabari nacho. Mpeleka barua si tu kwamba ameifungua barua, bali ametia ndani yake kikaratasi chake, akakipiga mhuri wa mwenzake.

Wenye mtambo walikuwa na hoja zao, na ni insafu tuzitaje. Walisema kwamba hawamjui mtu kwa jina. Kwamba hawaziweki kurasa alizozisoma. Kwamba mtambo utamkinga mteja kwa kumwonya afunguapo tovuti za matapeli. Na kwamba asiyeutaka aweza kuukataa.

Hoja ya jina ndiyo iliyowadanganya wengi, hata watu wenye elimu. Lakini turudi katika ile hadithi ya tundu la mlango. Je, Mtume (s.a.w.) alimwuliza yule mtu kama ameyatambua majina ya waliomo ndani? Hakumwuliza. Haramu imefungamana na jicho kuingia pasipo idhini. Tena nambari isiyo na jina, ikiwa yamfuata mtu mmoja kila siku, ikayajua anayoyataka na anayoyatafuta, hiyo ni sawa na jina, au yapita jina. Kwa maana jina la Ali wanalo watu wengi, na nambari hiyo anayo mmoja tu. Na katika nyumba zetu, ambamo kompyuta moja au tableti moja yatumiwa na mume, mke, watoto na mashangazi, tangazo lililoletwa kwa sababu ya aliyoyasoma mmoja litaonekana na mwengine. Binti anayetafuta kwa siri khabari za chuo cha mbali, au mume anayetafuta namna ya kulipa deni ambalo hajamwambia mkewe, atakuta siri yake imetandazwa mbele ya watu wa nyumbani. Hakuna aliyetaja jina, na siri imekwisha toka.

Tim Berners-Lee, ambaye ndiye aliyeubuni huo mtandao wa kurasa ambao leo dunia nzima yautumia, aliulizwa juu ya mambo haya Machi 2008. Alisema kwamba kampuni yake ya intaneti ikianza kumfuatilia ataihama. Na akatoa mfano wa mtu anayetafuta vitabu juu ya saratani, kisha khabari hiyo ikaifikia kampuni ya bima, ikampandishia malipo. Bwana huyo hakusoma Al-Hujurat, lakini fitra ya mwanadamu, isipoharibiwa, humwonyesha.

Sasa tuingie katika hoja ya asiyetaka na akatae, maana hapa ndipo palipo na fikihi yenyewe. Wao wamechukua kimya cha mteja wakakifanya idhini. Katika kaida mashuhuri za fikihi, khasa katika madhehebu yetu ya Shafi, ni kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Mtu akikaa kimya huku mali yake yachukuliwa, kimya chake hakimhalalishii mchukuaji. Huenda mwanafunzi mmoja akatukamata hapa akasema: "Mbona bikira akiposwa, kunyamaza kwake ni idhini, na hadithi ni sahihi?" Swali zuri, na jibu lake ndilo linalolimaliza jambo hili. Bikira yule ameulizwa kwanza. Ameambiwa: fulani bin fulani akuposa, wasemaje? Kisha haya ikamzuia kusema, na kimya chake kikawa ni jibu la swali alilolisikia na kulifahamu. Hawa wateja 18,000 waliulizwa na nani, na siku gani? Kimya cha asiyeulizwa si jibu, kwa kuwa hapakuwa na swali.

Na wale wanaosema kwamba mteja ametia saini yake katika mapatano, nao yafaa waulizwe: mapatano yepi? Yale ya kurasa nyingi, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta, na kwa Kiingereza cha mawakili? Ridhaa sharti ifuatane na kujua. Mtu akiuziwa kitu kilichofungwa guniani asichokijua, mafakihi huiita biashara hiyo ya gharari. Basi na anayeuza siri zake katika gunia lisilofunguliwa, hali yake haipungui hapo. Akiulizwa kwa maneno mafupi, kwa lugha aifahamuo, "Twataka kuyatazama unayoyasoma ili tukuletee matangazo, wakubali au hukubali?", na akakubali kwa hiari yake naye ni baligh mwenye akili, huyo ni mwenye haki yake ameitoa, nasi hatuna la kusema juu yake. Ama watoto wa nyumba yake na wageni wake wanaoitumia njia hiyo hiyo, huyo hawezi kuwatolea idhini wao.

Iko na hoja nyingine, ambayo twaisikia hata barazani kwetu: "Mimi sina la kuficha." Ndugu yetu, twamuomba Mwenyezi Mungu akuzidishie wema. Lakini soma Sura ya An-Nur, aya ya 58, utaona kwamba hata watumishi na watoto wadogo wa nyumba wameamrishwa waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya isha. Je, wenye nyumba walikuwa wakitenda maovu saa hizo? Hasha. Walikuwa wamelala. Sitara haikuwekwa kwa wenye makosa peke yao. Imewekwa kwa sababu mwanadamu ana heshima. Anayesema hana la kuficha, na aache mlango wake wazi usiku, kisha atwambie alivyolala.

Marekani nako mambo hayo yalitokea kwa namna nyingine, nasi twataja machache. Mwaka 2012 kampuni ya simu ya Verizon ilianza kubandika nambari juu ya maombi ya intaneti yatokayo katika simu za wateja wake, nambari ambayo mteja hakuweza kuifuta kwa sababu haikuwa ndani ya simu yake, bali ilibandikwa njiani. Ilipofika 2014 ndipo jambo hilo lilipoenea, na Machi 2016 serikali ya huko ikaitoza kampuni hiyo faini ya dola 1,350,000. Na kampuni ya AT&T, katika mji wa Austin, tangu mwisho wa mwaka 2013 ilikuwa na bei mbili kwa njia yake ya kasi: dola 70 kwa mwezi kwa aliyekubali kufuatiliwa, na dola 99 kwa asiyetaka. Iliiacha kazi hiyo mwaka 2016. Tazama, ewe msomaji, ubaya wa hesabu hii. Sitara imefanywa bidhaa yenye bei ya dola 29. Mwenye nazo akajisitiri, na fakiri akaachwa uchi. Dini yetu haikumpa tajiri mlango na maskini ikamnyima.

Oktoba 2016 tume ya mawasiliano ya Marekani iliweka kanuni kwamba kampuni za intaneti zimwombe mteja idhini kabla ya kuziuza au kuzitumia khabari zake za siri. Lakini baraza lao la kutunga sheria liliifuta kanuni hiyo mwaka 2017, kwa kura 50 kwa 48 katika Seneti na 215 kwa 205 katika baraza la pili, na Rais Trump akatia saini tarehe 3 Aprili. Mwaka 2021 tume nyingine ya serikali, inayosimamia biashara, ilitoa ripoti juu ya kampuni sita kubwa za intaneti, ikaeleza kwamba baadhi yao huwagawanya wateja katika mafungu yanayoonyesha hata kabila na dini zao. Waislamu na walitie akilini neno hili la mwisho. Orodha ya watu kwa dini zao, ikiisha andikwa kwa ajili ya kuuza mavazi au tende, haibaki daima mikononi mwa muuza tende.

Ama Phorm, mwisho wake ulikuwa hivi. Watu wa Uingereza walipiga kelele. Wanasheria waliandika kwamba mtambo huo wapinga sheria ya nchi juu ya kuingilia mazungumzo ya watu. Amazon na Wikipedia, Aprili 2009, walikataa kurasa zao zisichunguzwe. Na Julai 2009 BT na TalkTalk wakajitoa. Umoja wa Ulaya uliishitaki serikali ya Uingereza kwa kutowalinda raia zake, mpaka ikaibadili sheria yake mwaka 2011, na kesi ikafungwa Januari 2012. Hata hivyo hapana aliyeadhibiwa kwa majaribio ya siri, kwani Aprili 2011 waendesha mashitaka waliamua kutoyapeleka mahakamani. Phorm ilikwenda kutafuta wateja Brazil na Uturuki, kisha mwaka 2016 ikafunga kazi. Twalitaja hili kwa sababu wako kati yetu wanaodhani kuwa mambo makubwa kama haya hayazuiliki. Yalizuilika, na waliozuia walikuwa ni wateja wa kawaida walioandika barua na kuuliza maswali.

Tangu siku zile barua nyingi za intaneti zimetiwa lakiri mpya. Ukiona herufi s mwishoni mwa neno https mwanzo wa anwani, au alama ya kufuli, maana yake ni kwamba yaliyomo yamegeuzwa maandishi ya siri baina yako na tovuti, na mpeleka barua hawezi kuyasoma wala kutia kikaratasi chake ndani. Leo kurasa nyingi zi hivyo. Lakini mpeleka barua bado aweza kujua umebisha mlango gani, saa ngapi, na mara ngapi. Hajui uliloliuliza hospitali, ila ajua kwamba umekwenda hospitali mara tisa wiki hii, tena saa nane za usiku. Kwa mwenye kutaka kuuza khabari, hilo si dogo.

Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha, na imeyataja mawasiliano yake kwa jina. Kisha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 37, hairuhusu khabari za mtu kutumiwa kwa biashara ila baada ya kuombwa na kupatikana idhini yake iliyo wazi, au iwe sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu na mwenyewe amejulishwa zilipochukuliwa khabari hizo. Iko na afisi ya Kamishna wa Data, iliyoanza kazi baada ya kuteuliwa Kamishna wa kwanza mwaka 2020, nayo hupokea malalamiko. Sisi hatumtuhumu mtu. Aya ile ile iliyokataza upelelezi imekataza na dhana mbaya. Lakini kuuliza si kutuhumu. Mteja ana haki ya kuiandikia kampuni yake na kuiuliza: mnaweka nini katika niyasomayo, mnaweka muda gani, na nani mwengine apewa? Sheria hizi, ingawa hazikuandikwa na mafakihi, katika jambo hili zimekubaliana na Sharia, na Mwislamu anayeipata haki yake kwa njia yake asione haya kuitafuta.

Itakuwa ni aibu, hata hivyo, tuwakemee wenye mitambo na sisi wenyewe tuko katika kazi ile ile bila ya mitambo. Ni wangapi waichukuao simu ya mke au ya ndugu mdogo akiwa maliwatoni, wakaisoma yote? Ni wangapi waliotumiwa maneno ya siri na rafiki, wakayapiga picha na kuyapeleka katika makundi ya watu mia mbili? Nao wasema "ni mzaha". Wenye kampuni angalau walitupa maneno wakabakisha fungu. Sisi twabakisha maneno, na jina, na picha ya mwenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo wafanya biashara wa mji wameliuliza katika darsa: je, wao wanaonunua matangazo ya intaneti, wamo katika dhambi hii? Twasema kwamba kunadi bidhaa ni halali, na dalali amekuwa akiinua sauti sokoni tangu zama za masahaba bila ya mtu kumkataza, maadamu hasemi uwongo. Ziko njia za kutangaza zisizomfuata mtu. Muuza kanzu aweza kuliweka tangazo lake katika ukurasa wenye khabari za Ramadhani, kila aufunguaye akaliona. Au akachagua lionekane kwa watu wa Mombasa na Malindi wote pamoja, kama linavyoonekana bango la njiani. Hapo hakuna aliyepelelezwa. Iko na njia ya kuchagua watu mmoja mmoja kwa waliyoyasoma jana na juzi, nayo ndiyo yenye shaka; na ikiwa khabari hizo zimetolewa katika barua zilizofunguliwa bila ya idhini, basi mnunuzi anayelijua hilo ni mshirika wa muuzaji. Mwenye duka na amuulize anayemuuzia matangazo kabla ya kulipa: mtalionyesha tangazo langu kwa sababu ya ukurasa, au kwa sababu ya mtu? Akisema ni kwa sababu ya mtu, amuulize tena khabari za mtu huyo zimepatikana wapi, na kwa idhini ya nani.